Namba ya Juu na ya Chini

Mwanaheri alipokea hundi kwa mikono miwili. Hati ya shamba ilikuwa bado mapajani mwake.

"Tia sahihi basi, mama," mnunuzi alimhimiza.

Mwanaheri alikuwa amefagia benki miaka kumi na tisa, akiuliza makarani kila alichokiona. Alipitisha kidole kwenye mstari wa chini wa hundi.

"Hii namba ya hundi. Hii ya tawi. Hii ya akaunti yako." Akakipandisha kidole juu pembeni. "Na hapa ni namba ya hundi tena. Zilipaswa kufanana, baba. Juu inaishia kumi na nane, chini themanini na moja."

Mnunuzi alikohoa. "Mashine imekosea."

"Basi twende benki, watuambie."

Akaikunja hati, akaitia kifuani, akaenda kumngoja mlangoni. Yule bwana alibaki ameketi, akivitazama viatu vyake.