Machozi ya Mpiga Picha

"Usinifungie mlango usoni! Nimekuuliza, umeona nini ndani ya titi langu?"

Mama Pacha alikwishaweka mguu kizingitini. Vichwa vilichungulia kutoka kila mlango wa ghorofa. Tamasha la bure, nani alikose? Siku nyingine yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuchungulia.

"Mwenzangu, anayesoma majibu ni daktari," alisema jirani yake wa mlango wa pili, mpiga picha wa hospitali. "Kazi yangu mimi ni mashine tu."

"Si wewe uliyenieleza? Mwanga unapenya mwilini, damu inashtuka, inatoa mlio usiosikika kwa sikio, mashine inauchora. Haya, damu yangu ililia nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Kusema huruhusiwi, kulia unaruhusiwa! Jana kabla hata hujanipaka jeli, macho yako mekundu kama pilipili. Halafu ukanipita ngazini kama hunijui."

Mpiga picha alishika kitasa tayari kufunga, na hilo ndilo lililommaliza Mama Pacha. Mdomo wake ulijua siri za ghorofa zote tatu, leo umeshindwa kumng'oa mtu neno moja. Tangu jana alikuwa akiwagawa pacha wake kichwani: huyu aende kwa dada, yule kwa shangazi yao. Akawarudisha pamoja, maana hawajawahi kulala mbalimbali. Akawagawa tena.

"Nina watoto," alisema, sauti imeshuka. "Niambie tu nijipange."

Simu yake ikaita. Daktari. Akasikiliza ameshika ukuta.

"Safi? Ni kifuko cha maji tu? Una hakika, daktari?"

Akacheka, akalia, akapiga kigelegele mpaka milango yote ikaitikia. Kisha akamgeukia jirani yake, hasira zimerudi upya.

"Sasa wewe, roho umenitoa bure! Ulikuwa unamlilia nani?"

Mpiga picha alitazama vidole vyake.

"Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine tunaijaribu kwenye titi la aliye zamu," alisema. "Jana zamu ilikuwa yangu."

Mama Pacha aliusukuma mlango wa kwake, akamshika mwenzake mkono.

"Chakula kiko mezani," alisema. "Ingia tule."