Fungu la Nywele

Kwanza Mwajabu aliuona unywele, mrefu, ukining'inia pembeni mwa mdomo wa Bi Sikudhani. Walikuwa meza moja wakishona mawigi, madirisha yamefungwa na joto lote lile, ili upepo usipeperushe mali. Bi Sikudhani alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaushika ule unywele, akauvuta. Ulitoka kooni polepole, umeshikana na makohozi.

"Bwana Hemedi, tufungulie dirisha, mwanangu. Nakufa."

Msimamizi akaja. Aliuchukua unywele, akaupangusa kwenye kanga ya Bi Sikudhani mwenyewe, kisha akaurudisha kwenye fungu.

"Nywele hizi ni ghali kuliko wewe, bibi. Ukizimeza nakukata mshahara."

Wengine wakacheka, maana alipenda kuchekewa. Mwajabu, ambaye siku zote humjibu kwa kutikisa kichwa tu, aliiweka sindano yake mezani. Akainuka, akalisukuma dirisha kwa bega mpaka likaachia. Upepo ukaingia, nywele zikatapakaa chumba kizima.

"Wewe! Una wazimu?"

"Unanitia kinyaa," Mwajabu alisema. "Tangu siku ya kwanza, unanitia kinyaa."