Wimbo wa Kutwangia

Kwanza dada aliona kinukta chekundu cha kurekodi kikiwaka kwenye simu ya mdogo wake, Yusra, juu ya kinu kilichopinduliwa.

Kesho Yusra angesafiri kwenda Ujerumani, kusomea namna ya kuhifadhi nyimbo za kale kwa kompyuta. Alitaka wimbo aliokuwa akiimba marehemu mama yao akitwanga.

"Imba, dada. Wazungu wakikucheka, utawasikia wapi?"

Aliimba, macho chini, tui likimkauka vidoleni.

Yusra akaitwa nje aombewe dua ya safari, akasahau kuzima simu.

Mama alipougua, dada ndiye aliyetolewa shule amuuguze. Hakunung'unika.

Nje, kijiji kizima cha Munje kilikuwa kikiitikia amina. Akaiinamia simu.

"Yusra," akanong'ona, "mimi pia nilitaka kusoma."