Kiti cha Toroli

Siku ya kufungua makumbusho ya bandarini, toroli la zamani la abiria, lililosukumwa kwa mikono, lilirudishwa relini, mbele ya ubao wa majina ya watu mashuhuri waliolipanda. Mpiga picha akamwita Bi Mwanasha, binti wa msukumaji wa mwisho wa toroli hilo. Meya, ndani ya koti lake zito, alikuwa akingoja kando.

"Mama, shika hapo nyuma, kama unasukuma. Meya atakaa."

Bi Mwanasha aliusoma ubao hadi chini. Kisha akakaza leso yake, akapanda, akaketi.

"Mama, shuka! Hapo pa Meya!" mpiga picha akapaza sauti.

"Sishuki ng'o! Babangu kawasukuma wote hao juani, na jina lake hamkuliandika. Leo nasukumwa mimi."

Hakugeuka. Nyuma yake alisikia koti likivuliwa, kisha magurudumu yakalia.