Chai Yenye Ladha ya Chaki

Damu haikukatika. Jeraha lenyewe halikuzidi punje ya mchele. Nilikuwa najinyoa kwa mkono wangu mwenyewe, mara ya kwanza tangu kiharusi kiupooze, wembe ukaniteleza chini ya kidevu. Sasa taulo lilikuwa limelowa.

"Kandamiza, Fundi!" alisema mke wangu.

"Nakandamiza, mama. Usiogope. Ni ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimeanza kuimeza."

Mkono wake uliokuwa ukinifuta damu ulisimama shingoni mwangu.

Mbele ya ukoo mzima nilikuwa nimeapa kwamba simezi dawa ya maisha, nikaitupa mvunguni. Lakini vidole viliposhindwa hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, niliiokota kimyakimya. Mwanamume hali matapishi yake hadharani.

"Unameza kila siku?"

"Kila siku, wiki nzima sasa. Nilidhani utafurahi."

Hakufurahi. Aligeuka akakitazama kikombe changu pale mezani. Siku hizi nilikuwa nikilalamika kwamba chai yake ina ladha ya chaki, naye akinijibu kwamba ni ugonjwa ulioniharibu ulimi.

"Nilinunua nyingine," alisema. "Ulikuwa umekataa, ningefanyaje? Nakusagia humo kila asubuhi. Fundi, niambie chai ya leo umeimwaga."

Nikafungua mdomo nimjibu. Damu ya ufizi ikanitangulia.