Bei Chini ya Karatasi

"Baba, si tukule tu pale nje," Jairus alisema kwa mara ya tatu, akiwa amesimama mlangoni mwa hoteli kama mtu aliyeona nyoka ndani. "Kuna mama anauza githeri tamu sana."

Mzee Absalom alicheka mpaka akashika kiuno. "Nabwile, unasikia ndugu yako? Mtu ametoka London, ati anaogopa hoteli ya Kitale."

Nabwile, binti wa mzee, alicheka pia. Jairus alikuwa mtoto wa marehemu kaka wa mzee, na mzee ndiye aliyemlea kule Bungoma kama wa kumzaa. Leo walikuwa Kitale kwa jambo moja tu. Saa tisa mzee angetia sahihi kwa wakili, na ekari zake mbili za shamba kule Kwanza zingeuzwa. Pesa zingempeleka Nabwile London, kupitia kwa ajenti yule yule aliyechukua ng'ombe wanne kwa ajili ya safari ya Jairus, mwaka wa 2001. Hatimiliki ilikuwa kwenye bahasha, chini ya kwapa la mzee.

Waliingia. Jairus alichagua kiti cha kuipa kaunta mgongo, akainua kola ya koti lake zito, ingawa jua la mchana lilikuwa kali.

Ilikuwa Desemba 2008, unga umepanda, mafuta yamepanda, na kila hoteli mjini ilikuwa imebandika vikaratasi vidogo juu ya bei za zamani. Mzee aliikodolea macho menyu.

"Kuku mia tatu na hamsini! Hawa watu ni wezi?"

"Ilikuwa mia mbili na themanini," Jairus alisema.

"Umejuaje? Si umefika juzi tu?"

Jairus aligusa ukingo wa menyu. "Kikaratasi kimebanduka kidogo, Baba. Nimeona chini yake."

Mzee alisogeza menyu karibu na mbali, hakuona kitu, akaachana nayo. Mhudumu, msichana aliyeitwa Viola, alikuja akiwa na kijitabu chake. Alimsikia Jairus akisema "Baba", akamtazama mzee, akatabasamu. Jairus alitikisa kichwa kidogo sana. Aliogopa, tena aliogopa kweli kweli. Alipapasa mfuko wa suruali kila dakika.

Viola alileta chai. Ya mzee na ya Nabwile zilikuwa na sukari kwenye bakuli kando. Ya Jairus ililetwa bila sukari, yenye tangawizi, bila kuulizwa.

"Wameona koti," mzee alimnong'oneza Nabwile kwa fahari. "Wamejua huyu ni mtu wa ng'ambo."

"Baba," Jairus alisema, "hiyo shamba ngoja kwanza. London si mchezo. Kikombe hiki cha chai, kule ni pauni mbili. Sahani ya chakula ni kama mshahara wa wiki wa mtu wa huku. Nabwile atakula nini?"

"Atakula kile wewe ulikula. Si uko hapa, umenona?"

Nabwile aliinamisha kichwa. "Kama hutaki niende, sema tu, Jairus. Usisingizie chai."

Kutoka kaunta ilisikika sauti ya Rajinder, mwenye hoteli, akimuuliza Viola jambo fulani, na Jairus akajikunja kitini.

Chakula kikaja. Kuku, ugali, na bakuli la mboga ya murere iliyopikwa kwa munyu wa kienyeji. Mzee alionja ile mboga. Akaonja tena. Macho yakamlowa.

"Mhindi amejulia wapi kupika murere namna hii? Ni mama yako tu, Jairus, Mungu amlaze pema, alikuwa anapika hivi. Onja."

"Nimeshiba, Baba."

"Umeshiba nini na hujagusa kitu? Ama ni bei? Kama pesa imekuishia, mimi ni mzazi wako, niambie. Hakuna aibu."

Jairus alimtazama mzee, akaitazama ile bahasha iliyokuwa sasa kando ya sahani, na kwa kitambo akaonekana kama mtu anayetaka kulia. Kisha akasimama haraka. "Naenda kulipa kaunta."

Mzee alimshika koti, akamrudisha kitini. "Keti. Wewe si mtu wa kupiga foleni kaunta. Bili italetwa, watu waone."

"Baba, tafadhali. Niache niende."

"Nimesema keti."

Jairus aliketi. Alisikia nyuma yake droo ikifungwa, kisha kalamu ya Rajinder ikikwaruza karatasi. Jasho lilimtiririka shingoni. Nabwile aliacha kula, akaanza kumwonea huruma. Alihesabu moyoni vile vipande vya kuku, akajilaumu kwa kuagiza soda.

Viola alileta kisahani chenye vijiti vya meno na karatasi iliyokunjwa. Aliiweka mbele ya mzee, kwa heshima, kwa mikono miwili. Jairus alinyoosha mkono, lakini Nabwile akamtangulia.

"Soma, mama," mzee alisema. "Miwani nimeacha kwa gari. Soma na usimfiche ndugu yako, akae akijua."

Nabwile alikunjua karatasi. "Jumla ni elfu moja mia nne na themanini."

"Si mbaya sana," mzee alisema. "Unaona, Jairus? Ulikuwa unatetemeka bure."

"Ngoja, Baba, kuna maandishi mengine." Nabwile alisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma polepole. "Ati, 'Punguza nusu. Mzee asilipe bei ya wageni, ni mzazi wa mpishi wetu, Jairus.'"