Chungu cha Marehemu

Zakuri aliufikisha unga wake madhabahuni. Alikuwa ametenda dhambi ya kuapa ovyo kwa hasira, na tangu hapo binti yake Noa alikuwa akiungua kwa homa. Wenye nacho huleta kondoo wa sadaka ya dhambi. Fukara kama yeye aliruhusiwa unga mkavu.

Kuhani, aliyenona kwa sadaka za watu, aliusugua kwa vidole. "Huu una mafuta."

"Hapana, baba kuhani!"

"Unga wa dhambi hautiwi mafuta. Hujui?"

Alijua. Ila aliubeba kwenye chungu cha marehemu mkewe, chungu cha mafuta. Alikisugua sana, kumbe udongo ulikwisha kuyanywa.

"Ni chungu tu, baba. Mtoto wangu anakufa."

"Basi nimwambie Mungu ni chungu?" Waliopanga foleni wakacheka.

Kuhani akachota konzi moja. Ikichomwa, dhambi imesamehewa. Ikimwagwa jaani, kando ya madhabahu, Noa je? Mara tajiri mmoja akamwita kuhani aje amwone kondoo wake. Kuhani akageuka kumwitikia, ngumi yake ikabaki hewani kati ya moto na jaa, unga ukidondoka polepole vidoleni.